Je, Wajua? Kadi ya TV Inavyoigandisha Kompyuta ya Linux

Je, wajua kuwa kadi ndogo ya kunasia picha za TV yaweza kuigandisha kompyuta nzima, mausi ikakataa kusogea na sauti ikakwama palepale? Kadi nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia chipu za Brooktree, Bt848 na Bt878, ambazo Linux huziendesha kwa draiva iitwayo bttv. Chipu hizo haziombi msaada wa prosesa. Huandika picha zenyewe kwenye kumbukumbu. Picha ya mfumo wa TV wa PAL, ya nukta 768 kwa 576, ikipita mara 25 kila sekunde, hufikia takriban megabaiti 22 kwa sekunde. Njia ya PCI hubeba hadi megabaiti 133, lakini diski na kadi ya mtandao nazo zinaidai njia hiyohiyo.

Hatari kubwa ilikuwa pale kadi ya TV ilipoandika moja kwa moja ndani ya kadi ya kioo, bila kupitia kumbukumbu kuu. Baadhi ya chipu za ubao mkuu, za SiS kwa mfano, hazikuumudu utaratibu huo, na mashine ikaganda. Ndiyo maana bttv iliwekewa chaguo la no_overlay=1 la kuufunga. Mwaka 2023 watunzaji wa kerneli, yaani kiini cha Linux, waliuondoa utaratibu huo kabisa.

Je, wajua kuwa kompyuta iliyoganda huenda bado iko hai? Ijaribu kwa ping kutoka mashine nyingine: ikijibu, kerneli bado iko hai. Kama kitufe cha SysRq kimeruhusiwa, shikilia Alt na SysRq, kisha bonyeza S, U, B kwa kufuatana: data itahifadhiwa, diski zitafungwa zisiandikwe, mashine itawaka upya. Tafadhali fanya hivyo kabla ya kuchomoa waya wa umeme. Isipoitikia hata hapo, kerneli yenyewe imekwama.

Mashine ikiwaka, soma /proc/interrupts. Ukiona bttv inatumia namba moja ya ukatizaji (interrupt) na kifaa kingine, hamishia kadi kwenye tundu jingine la PCI. Ningeanzia hapo, kwa kuwa hakugharimu kitu.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, hivyo antena haiifai tena kadi hii. Deki ya VHS bado inaifaa. Kama nyumbani kuna kanda za harusi au za wazee waliotangulia, zinase mapema, maana utepe wa sumaku huchakaa hata ukiwa kabatini.