Namba Ile Ile, Mahali Pengine

Swali halichoki kurudi: programu ya C iliyokuwa ikiandika kwenye skrini bila shida ndani ya Turbo C, mbona kompaila ya DJGPP inaigomea? Kabla hajajibiwa, mwulizaji ameshapewa dawa ya mtaani: weka #define far juu ya faili, usiandike kitu mbele yake, kompaila itanyamaza. Itanyamaza kweli, kama mgonjwa aliyezimia. Neno far liliiambia Turbo C kwamba 0xB8000000, anwani ya skrini, ni vipande viwili, segmenti B800 na hatua sifuri ndani yake. Ukilifuta, prosesa inaisoma namba nzima: hatua 3,087,007,744 kutoka mwanzo wa segmenti ya programu yako. Skrini haiko huko.

Wajanja hukata sifuri tatu, ibaki 0xB8000, wakidai hiyo ndiyo anwani halisi. Ni halisi kwa waya za mashine, lakini kielekezi cha C kinabeba umbali tu, na umbali lazima ujue unahesabiwa kutoka wapi. Dereva wa lori aliyeambiwa ashushe mzigo kilomita ya 100, akihesabu kutoka Mbeya anakaribia Tunduma. Akihesabu kutoka Tunduma kwa barabara ya Lusaka, yuko ndani kabisa ya Zambia, na mpakani Nakonde watakuwa wamemdai karatasi. Tangu 80286 ya mwaka 1982, rejesta ya segmenti katika hali ya ulinzi hubeba selekta, yaani namba ya mstari katika jedwali linalosema segmenti inaanzia wapi, inaishia wapi na nani anaruhusiwa. DJGPP hufanya kazi katika hali hiyo, na segmenti yake haianzii sifuri. Hatua ya 753,664 ikivuka ukomo, programu inauawa kwa ishara ya SIGSEGV, na hiyo ni bahati. Programu iliyokwisha kuomba megabaiti kadhaa haivuki ukomo wowote: herufi inaangukia juu ya data yake yenyewe, skrini haitikisiki, na utatafuta kosa wiki nzima kwenye mistari isiyo na hatia.

“Lakini kompaila ya Watcom inakubali!” Inakubali kwa kuwa kiendelezi chake cha DOS, DOS/4GW, huanzisha segmenti kwenye sifuri na kuiacha megabaiti ya kwanza mahali pake. Huo ni utaratibu wa nyumba ile. Ukihama kompaila, huhami nao.

Basi fanya hivi. Herufi chache: _farpokeb pamoja na _dos_ds, selekta ya kumbukumbu ya DOS. Picha nzima ya 320 kwa 200, baiti 64,000: iandae pembeni, kisha isukume kwa dosmemput hadi 0xA0000. Kadi ya VESA yenye kumbukumbu iliyonyooka: omba anwani kwa __dpmi_physical_address_mapping, uitengenezee selekta. __djgpp_nearptr_enable inafanya kazi, ila inaondoa ukomo, na kielekezi kibovu kinaweza kuiharibu DOS yenyewe. Kwenye Linux achana na haya yote, fungua /dev/fb0 na utumie mmap. Kwenye Windows ya biti 64, endesha programu ndani ya DOSBox. Na ukishafika 0xB8000 kwa njia halali, kumbuka kila herufi inachukua baiti mbili: ya kwanza herufi, ya pili rangi.