Kompyuta Kuukuu za Wodini: Zitunzwe kwa Mbali kwa Njia Ipi?

Ni saa nane za usiku. Mgonjwa anasubiri kuongezewa damu, na majibu ya maabara yamekwisha kuingizwa katika mfumo. Lakini kompyuta ya wodini, iliyotumika kwa miaka mingi, imegoma kuyaonyesha. Fundi yuko nyumbani. Aweza kuitengeneza akiwa hukohuko, iwapo hospitali ilikwisha kumwandalia njia. Swali ni moja: njia ipi?

Njia ya kwanza ni kuiacha kompyuta hiyo ifikiwe moja kwa moja kupitia intaneti. Ni rahisi kuiandaa, na ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa mlango uliofunguliwa kwa ajili ya fundi huonekana pia na wadukuzi, ambao hubahatisha nywila usiku na mchana.

Njia ya pili ni programu ya usaidizi wa mbali. Muuguzi humsomea fundi namba iliyo kwenye kioo, kisha humruhusu kuingia. Yafaa kwa hitilafu ndogo, maana muuguzi huona yanayofanyika. Hata hivyo, tapeli anayejiita fundi aweza kuiomba namba hiyohiyo.

Njia ya tatu humtaka fundi aingie kwanza katika mtandao wa ndani wa hospitali kwa mawasiliano yaliyosimbwa, akijithibitisha kwa nywila na kwa msimbo wa simuni. Kisha hupitia seva moja ya usimamizi, inayoweka kumbukumbu ya nani aliingia, lini, na alifanya nini. Kompyuta yenyewe haionekani nje. Maandalizi yake yana gharama, lakini kwa vifaa vilivyozeeka hii ndiyo njia tunayoipendekeza.

Hasara ya uzembe inajulikana. Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kiliikumba huduma ya afya ya Uingereza. Taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma nyingine nchini humo ziliathirika, na miadi ya wagonjwa ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Sahihisho la kuziba ufa huo lilikuwa limetolewa tangu Machi. Kompyuta nyingi hazikuwa zimewekewa. Basi uzee wa kompyuta haupimwi kwa miaka pekee, bali pia kwa masahihisho inayoyakosa. Windows 10, kwa mfano, ilifikia mwisho wa huduma yake ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Kwa hiyo usimamizi wa mbali una mpaka wake. Hospitali iwe na orodha ya kila kompyuta, mfumo wake na tarehe ya kuiondoa kazini. Isiyopokea tena masahihisho itengwe katika sehemu yake ya mtandao, izungumze na seva inayohitajika tu, hadi ipatikane mbadala.

Mhudumu wa afya naye ana wajibu. Usimpe mtu yeyote nywila yako, hata fundi. Akikupigia mtu usiyemtambua, kata simu, kisha mpigie fundi kwa namba iliyobandikwa ofisini. Fomu za karatasi ziwe tayari kila zamu, ili mfumo ukizimika matibabu yasisimame.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza taarifa zako zinalindwaje. Siri ya ugonjwa wako ni amana, iwe imeandikwa katika jalada au imehifadhiwa katika seva.