Saa tisa ya usiku, nani atakujibu?

Mama huyu wa Kipushi ana miaka 68. Bwana yake alitumika chini ya udongo mpaka mugodi uliposimama mwaka wa 1993, kisha akabaki ku kazi zingine za kampani mpaka 2003. Sasa ni miaka mbili tangu AVC ilimuangusha. Mukono na muguu wa kuume havisogei tena, maneno yanatoka nusu nusu. Watoto wameoa na kuolewa, wengine wako Kolwezi mu makampani mapya. Mu nyumba wamebaki wazee wawili, na mumoja ndiye anamubeba mwengine.

Tulimukuta asubui anafua mashuka. Tukamuuliza nani anamusaidia. Akapangusa mikono, akatuonyesha simu yenye kioo cha kupasuka.

Ni kikundi cha WhatsApp. Ndani yake kuna wanawake karibu makumi tatu wa Kipushi, Lubumbashi na Likasi, na wababa wawili wanaotunza mabibi wao. Binti ya mumoja wao ndiye alikianzisha. Sheria ni moja: hakuna kuandika, kila mutu anatuma sauti. “Miye kuandika haiko kazi yangu,” mama alituambia na kucheka. “Lakini kusema, nasemaka!”

Zamani, mwenye kutumika Union Minière, na nyuma yake Gécamines, alikuwa na lupitalo ya kampani, yeye na bibi na watoto. Mu 2003 ukaanza mupango wa kuondoka kwa hiari, wenye Banque mondiale ilisaidia kulipa, na watu zaidi ya 10 000 wakatoka kazini. Tunajua familia nyingi ambamo ile feza ilikwisha zamani sana, na uzee ndiyo kwanza unaanza.

Turudi ku usiku ule. Ilikuwa saa tisa, muzee aliomba maji. Mama akamunywesha vile alikuwa amelala. Maji yakapita njia mubaya, muzee akakohoa mpaka macho yakatoka machozi. Alipotulia, mama akashika simu, akatuma sauti yake ikitetemeka. Hakutumaini kitu. Lakini Likasi kulikuwa mama mwengine aliye macho, muuguzi wa zamani, naye bwana yake halali. Akajibu pale pale: mukalishe kwanza, mugongo ukiwa wima, kidevu kishuke kidogo. Umupe na kijiko kidogo, na bouillie nzito inapita vizuri kuliko maji. Ukimaliza, usimulalishe mbio.

Ni huyo huyo alimufundisha kumugeuza muzee kila saa mbili, na kuangalia visigino, kiuno na mugongo. Ngozi ikiwa nyekundu na ukiifinya haibadiliki, kidonda kiko njiani.

Kisha siku moja muuguzi akauliza neno ambalo hata watoto walikuwa hawajauliza: “Na weye mama, tension yako iko ngapi?” Mama hakuwa amepima tangu mvua ya mwaka uliopita. Akaenda ku centre de santé. Wakakuta 19. “Nilikuwa nafikiri mugonjwa ni mumoja tu mu hii nyumba,” alituambia, na pale hakucheka.

OMS nayo iko na mafundisho ya intaneti yanaitwa iSupport, kwa wenye kutunza mutu anayepoteza akili juu ya ugonjwa wa uzee. Ni kazi nzuri. Lakini ni ya kusoma, na mama wa Kipushi anataka sauti inayomujibu mu Kiswahili chake. Kwetu sisi, hapo ndipo kikundi kinashinda.

Haiko dawa ya yote. Courant ikikatika siku mbili, simu inakufa. Mega zikiisha, sauti inabaki njiani. Tena wachuuzi wameingia mara mbili kutangaza chupa moja inayoponyesha AVC, tension na sukari, utume kwanza feza ku M-Pesa. Walifukuzwa siku ile ile. Na kama uso wa mutu unapinda gafula, mukono unaanguka, maneno yanapotea, usingojee kikundi kijibu: mupeleke lupitalo saa ile ile.

Na kumunyanyua muzee wa kilo 80 toka kitandani, simu haiwezi. Kwa ile kazi mama analipa kijana wa jirani, sahani ya bukari kila asubui.

Tulikuwa tunaaga wakati simu ililia. Sauti ya mwanamuke mugeni, wa Lubumbashi, mwenye aibu: namna gani kubadilisha shuka kama mugonjwa yuko juu yake na uko peke yako? Mama akatufanyia ishara tunyamaze. Akaleta simu karibu na mudomo. “Ecoute, dada yangu. Kwanza umugeuze upande moja, ule wenye nguvu…”