Cherehani ikikosa mafuta, mgongo ndio unaolipa

MBINGA. Ikifika Desemba, kazi nyingi za mafundi cherehani wa Mbinga huwa ni sare za shule. Fedha za kahawa za msimu uliopita zimeanza kupungua, mahindi bado machanga shambani, na Januari watoto wanatakiwa darasani. Elimu ya msingi imekuwa ikitolewa bila ada tangu mwaka 2016, lakini sketi, kaptula na shati jeupe vimebaki mikononi mwa mzazi. Ndizo wiki ambazo cherehani ya nyumbani, iliyokaa miezi kadhaa kwenye kona ya sebule ikiwa imegeuzwa meza ya kuwekea thermos na redio, hufunuliwa na kuanza kazi asubuhi hadi usiku.

Ndizo wiki pia ambazo mama wa nyumba huanza kulalamika. Kiuno kinauma, magoti yanauma, nyama za nyuma ya mguu zimekaza kama aliyepanda mlima na gunia kichwani. Wengi humeza vidonge vya maumivu na kurudi kukanyaga. Wengine husema ni umri.

Huenda ni umri. Lakini kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi moja ambacho kinafaa kufanywa kabla ya kwenda duka la dawa. Toa uzi na bobini, inua mguu unaokandamiza kitambaa, kisha vua mkanda kwenye gurudumu. Zungusha gurudumu dogo la mkono. Linatakiwa lizunguke kwa kusukumwa na vidole viwili tu. Halafu kanyaga pedali peke yake, nayo iende na kurudi bila kulia. Gurudumu la juu likigoma, tatizo liko kwenye kichwa cha cherehani. Pedali ikiwa nzito, tatizo liko chini. Vyote vikiwa vyepesi na mgongo bado unauma, hapo ndipo pa kumfikiria daktari.

Nyumba nyingi za Umatengo na za mwambao wa Ziwa Nyasa zina cherehani ya kukanyaga, Butterfly kutoka China au Singer nyeusi iliyorithiwa kwa bibi. Ni mashine za chuma, na chuma hicho kinaweza kumzika mwenye nyumba kikabaki kinashona. Kinachotakiwa ni mafuta tu. Kila tone linapokosekana, vyuma viwili husuguana, na nguvu ya kushinda msuguano huo hutoka mguuni kwa anayekanyaga. Kwa siku moja hauoni kitu. Kwa mwezi wa sare, mguu uleule ukikanyaga maelfu ya mara, mwili unaona.

Mahali nako kuna mchango wake. Mbinga kuna baridi na ukungu, na kiangazi kuna vumbi jekundu linaloingia hadi kabatini. Ukishuka kwa barabara ya lami hadi Mbamba Bay, au ukifika Liuli na Lituhi, unakuta joto, unyevu wa ziwa na mchanga laini. Kule juu mafuta ya zamani huganda na kushika vumbi. Kule ziwani, cherehani iliyoachwa karibu na dirisha hupata kutu ya kahawia kwenye vyuma vyake vinavyong’aa. Kuifunika kwa kitambaa cha pamba kunasaidia. Mfuko wa nailoni hapana, kwa sababu hufungia unyevu ndani.

Kosa linaloua cherehani nyingi halitokani na uvivu. Linatokana na kupaka mafuta yasiyofaa. Mafuta ya alizeti yako jikoni, ni ya maji, yanateleza, na mtu anaona yanatosha. Wiki ya kwanza mashine inakuwa nyepesi kweli. Baada ya hapo mafuta hayo hukutana na hewa na kugeuka gundi, ileile inayonata kwenye mdomo wa chupa ya mafuta ya kula iliyokaa muda mrefu. Oili ya pikipiki iliyomwagwa gereji ni mbaya zaidi. Ni nzito, ina masizi na chembe za chuma, inachafua shati jeupe la mwanafunzi, na haifai kugusana na ngozi kila siku. Mafuta ya cherehani ni mepesi na meupe kama maji, huuzwa kwenye kichupa kidogo chenye mdomo mwembamba, na kichupa kimoja hukaa muda mrefu kwa mtu anayeshonea nyumbani.

Gundi ikishaganda, mafundi huiyeyusha kwa mafuta ya taa. Dawa hiyo inafanya kazi, lakini ina masharti. Fanya kazi hiyo nje au mlango ukiwa wazi, mbali na jiko na sigara. Futa vizuri, acha pakauke, kisha weka mafuta halisi ya cherehani, kwani mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalindi chuma. Na yasikae kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa. Akiyanywa, asitapishwe na asilazimishwe kunywa maziwa, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakodhuru zaidi. Awahishwe zahanati, na chupa ibebwe ili mhudumu aione.

Kazi yenyewe huchukua muda wa kuchemsha maharage nusu. Ng’oa sindano kwanza. Fungua kwa bisibisi kile kibamba cha chuma kilicho chini yake, utakuta vumbi la nyuzi limeshikana kama blanketi kati ya meno yanayosukuma kitambaa. Litoe kwa mswaki wa zamani uliokauka. Usilipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na vumbi linazama ndani zaidi. Toa na bobini, safisha nyumba yake. Kisha tafuta vitundu vidogo vilivyotobolewa juu ya kichwa na ubavuni. Hivyo ni vya mafuta, tone moja kila kitundu, si kumimina. Laza kichwa cha cherehani nyuma, weka tone kila mahali ambapo chuma kinazunguka juu ya chuma kingine. Tone moja kwenye njia ya kile chuma kinachozunguka bobini. Halafu chini: maungio ya pedali, fimbo inayopanda kwenye gurudumu kubwa, na ekseli ya gurudumu lenyewe. Hapa chini ndipo watu wengi husahau, na ndipo uzito mwingi wa mguu unapoanzia.

Mkanda usiguswe na mafuta, utateleza. Ukiwa umelegea, kata kipande kidogo na uunganishe upya. Mwenye cherehani ya umeme achomoe waya kwanza, na asiweke mafuta kwenye plastiki wala kwenye mota isipokuwa kitabu chake kimesema. Anayeshona kutwa nzima aweke mafuta kila siku. Anayeshona mara mojamoja, mara moja kwa mwezi inatosha, na kabla ya kuanza kila mashine inapokuwa imelala muda mrefu.

Sindano nayo ni ya kubadilisha, haina urithi. Namba 14 inafaa tetroni na vitenge, 16 au 18 kwa kitambaa kizito. Iliyopinda huruka mishono, huvunjika, na wakati mwingine humaliza safari yake kwenye kidole. Ikitokea, osha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha unganisha vipande vya sindano mezani uone kama kuna kilichokosekana. Kikikosekana, nenda zahanati, usichokonoe. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Kinamama wengi waliipata kliniki wakiwa wajawazito, lakini akina baba na mabinti wanaoshona huenda hawakumbuki walichanjwa lini. Pepopunda haitokani na kutu yenyewe. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na sindano iliyookotwa sakafuni imepita huko.

Ukimaliza kuweka mafuta, zungusha gurudumu dakika chache bila uzi. Weka kipande cha kitambaa kilichochakaa chini ya sindano, shusha mguu juu yake, na uache hivyo usiku mzima kinywe mafuta ya ziada. Asubuhi tunga uzi, shona kwanza kwenye kitambaa hichohicho mistari kadhaa. Doa likikoma, lete shati jeupe.