Sindano au Vidonge? Kifua Kikibana, Lipia Kinachostahili

Mzee mwenye COPD, ule ugonjwa sugu wa mapafu unaowapata wavuta sigara na waliopikia kuni miaka nenda rudi, amezidiwa, amelazwa, na cheti cha dawa kiko mkononi mwako. Kabla hujakimbilia famasi, muulize daktari jambo moja: mgonjwa anaweza kumeza?

Kama anameza na hatapiki, steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe kwenye njia za hewa, inatosha ikiwa ya vidonge. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walichambua taarifa za wagonjwa karibu 80,000 wa COPD. Waliopewa vidonge vya dozi ndogo hawakuwa na hali mbaya kuliko waliochomwa sindano za dozi kubwa, na gharama zao zilipungua.

Piga hesabu. Steroidi ya vidonge iitwayo prednisoloni, miligramu 40 kwa siku, ni vidonge 8 vya miligramu 5. Siku 5, vidonge 40, basi. Ni dawa ya kawaida isiyokosekana kirahisi; jina la kiwanda lisikulipishe zaidi, angalia tu tarehe ya kuisha muda. Duka likikulazimisha kuchukua boksi zima, omba wakuhesabie 40.

Sasa sindano. Steroidi iitwayo haidrokotisoni, miligramu 100 kila baada ya saa 6, ni vichupa 4 kwa siku, yaani 20 kwa siku 5. Na kichupa hakiji peke yake: kuna mabomba, maji ya kuchanganyia, kanula, plasta, glavu. Mkono ukivimba, kanula nyingine. Kinachouma zaidi ni kitanda. Mgonjwa anayebakizwa wodini kwa ajili ya sindano tu analipiwa kila usiku, na ninyi mnalipa nauli na chakula cha kumpelekea.

Anayetapika, au aliyechoka hata kumeza hawezi, huyo mlipie sindano bila kubishana.

Ukiandikiwa siku 14, uliza kwa nini. Utafiti wa Uswisi wa 2013, wenye wagonjwa 314, ulionyesha kuwa siku 5 hazikupitwa na 14. Vidonge 72 vya ziada vya nini? Ila usikatishe dozi mwenyewe siku ya tatu kwa kuona nafuu, na usirudie dozi nyumbani kwa cheti cha zamani.

Chenji iliyobaki usiimalize. Steroidi hupandisha sukari, hasa kwa mwenye kisukari, na vijiti vya kupimia mara nyingi havimo kwenye bili ya dawa. Vinunue siku hiyohiyo.