Mzee Akitetemeka, Tusikimbilie Kusema Amerogwa

Tukiwatembelea wagonjwa hapa Laare tunakuta wazee ambao mkono unatetemeka ukiwa umepumzika tu, mwendo ni wa pole na uso hauonyeshi furaha wala hasira. Jirani mmoja anasema ni uchawi, mwingine anasema ni pombe. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson. Daktari Mwingereza James Parkinson aliueleza mwaka 1817.

Je, kinachoharibika ni nini? Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Katika ugonjwa huu chembe hizo hufa polepole, na dalili huonekana wakati nyingi zimeshakufa.

Tuchukue mfano wa matatu ya kwenda Maua. Ina mafuta ya kukanyaga na ina breki. Ubongo nao una njia mbili: moja inaruhusu mwili kusogea, nyingine inauzuia. Dopamini huipa nguvu ile ya kwanza na kuituliza ya pili. Ikipungua, mafuta hayakanyagiki vizuri na breki inakaza. Tena, chembe ambazo zilikuwa zikifanya kazi kila moja kwa wakati wake huanza kupiga kwa mdundo mmoja, na amri mpya inapita kwa shida. Ndiyo sababu mzee anataka kuinuka lakini miguu inakataa. Huo si uvivu wala kiburi.

Wengine hushauri apewe miraa achangamke. Ni kweli miraa husukuma dopamini itoke kwenye chembe, lakini haifufui zilizokufa. Dawa ya hospitali ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haimalizi ugonjwa, ila inalegeza breki. Hata mbegu za upupu zina levodopa, lakini nyumbani hatuwezi kujua kipimo. Tusijaribu.

Huko Hai, Tanzania, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliotangazwa mwaka 2008 ulikuta kwamba wengi wa wagonjwa hawa hawakuwa wametambuliwa bado. Basi sisi tufanye hivi:

1. Tumpeleke mzee hospitali mapema.
2. Dawa inywewe saa ile ile kila siku, kama nusu saa kabla ya chakula, kwani maharagwe na nyama huweza kuipunguza nguvu. Ikimletea kichefuchefu, tumwulize daktari.
3. Dawa isikatizwe ghafla. Ni hatari.
4. Tumpe nafasi ya kutembea na kumaliza maneno yake bila kumharakisha.

Mzee huyo anatusikia na anatuelewa. Tusimtenge.