Tiba shufaa nchini Tanzania

Tiba shufaa ni huduma anayopewa mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na familia yake, kwa lengo la kupunguza maumivu na mateso mengine ya mwili, ya akili, ya kijamii na ya kiroho. Haiharakishi kifo wala haikicheleweshi. Inaweza kwenda sambamba na matibabu ya ugonjwa wenyewe tangu siku unapogunduliwa, lakini inajulikana zaidi kwa kazi yake katika miezi na siku za mwisho za maisha. Nchini Tanzania wanaoihitaji ni hasa wagonjwa wa saratani, wa UKIMWI, wa figo, wa moyo na wa kiharusi.

Jina

Neno shufaa lina asili ya Kiarabu, na Waislamu wa pwani wamelizoea kwa maana ya uombezi. Lugha nyingi za Ulaya zimechukua njia nyingine: jina lao la tiba hii linatokana na neno la Kilatini pallium, yaani joho la kujifunika. Kwa hiyo huko mgonjwa anafunikwa, na kwa Kiswahili anaombewa. Baadhi ya watu hudhani shufaa ni sawa na shifaa, yaani uponyaji, na jambo hilo huleta matarajio yasiyo sahihi wodini. Tiba shufaa haiahidi kuponya.

Historia

Tiba shufaa ya kisasa huhesabiwa kuanza na Cicely Saunders (1918–2005), Mwingereza aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa si ya mwili peke yake: hofu ya kuwaacha watoto, deni lisilolipwa na ugomvi usiosuluhishwa nayo huuma, na dawa peke yake haiyafikii.

Katika Afrika hospisi ya kwanza ilianzishwa Harare mwaka 1979. Nairobi Hospice ilifuata mwaka 1990, na mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa madaktari tu. Ruhusa hiyo ilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu vijijini muuguzi yupo na daktari mara nyingi hayupo.

Nchini Tanzania kitovu cha huduma hii ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Majengo yake ya kale yalijengwa na Wajerumani kati ya 1895 na 1897, na Robert Koch alifanya humo utafiti wa malaria. Taasisi yenyewe ilianzishwa kisheria mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilikuwa mahali pekee nchini pa kupata tiba ya mionzi, hivyo wagonjwa walitoka mikoa yote, wengi wakiwa katika hatua ambayo saratani haiponi tena. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake.

Mkondo wa pili ulitokana na UKIMWI. Kabla ya dawa za kufubaza VVU kuanza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, wagonjwa wengi waliuguzwa majumbani hadi kufa. PASADA, shirika la Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam lililoanzishwa mwaka 1992 na lenye makao Temeke, lilijenga mtandao wa wahudumu wanaotembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba. Kaskazini, Hospitali ya Kilutheri ya Selian mkoani Arusha ilianza huduma ya hospisi mwaka 1999, na baadaye Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilieneza mfano huo katika hospitali zake nyingine. Huko Muheza, Tanga, hospisi ilikua ndani ya hospitali teule ya wilaya. Kwa ufupi, huduma ilianza pale palipokuwa na wahudumu wa kutembea kwa miguu, si pale palipokuwa na majengo makubwa.

Mofini

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu wa ngazi tatu za kutuliza maumivu ya saratani: kwanza dawa kama parasetamoli, kisha dawa zenye nguvu ya kati kama kodeini, mwisho mofini. Mofini imo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977.

Afrika Mashariki hutumia zaidi mofini ya maji. Unga wa mofini huchanganywa na maji safi na kihifadhi, na rangi ya chakula huweza kuongezwa ili chupa za nguvu tofauti zisichanganywe. Ni dawa ya bei ndogo, haihitaji sindano, na mgonjwa huinywa nyumbani. Nguvu yake hudumu takriban saa 4, kwa hiyo hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Usiku dozi ya kulalia huweza kuongezwa maradufu kwa maelekezo ya mhudumu, ili mgonjwa asiamshwe usingizini. Karibu kila anayeitumia hupata choo kigumu, na dawa ya kulainisha choo hutolewa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Kichefuchefu na usingizi mwingi vikitokea, kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Imani kwamba anayepewa mofini amekwisha imewanyima wengi usingizi bure. Dozi inayopandishwa hatua kwa hatua kulingana na maumivu haiui, na kuna wagonjwa walioitumia miezi mingi wakifanya shughuli zao. Uraibu nao ni hatari ndogo kwa mtu mwenye maumivu makali ya saratani. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya inataka mofini itunzwe na kuandikishwa kwa uangalifu, na hilo ni haki. Matokeo yake, lakini, ni kwamba zahanati ya mtaani kwa kawaida haina dawa hiyo.

Umbali: mfano wa Pugu

Pugu iko wilaya ya Ilala, kwenye vilima vya kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, takriban kilomita 20 kutoka katikati ya jiji. Ocean Road iko ufukweni, upande wa pili kabisa. Mgonjwa wa Pugu hupita Gongo la Mboto, Ukonga, uwanja wa ndege na Tazara kabla hajafika mjini. Kwa mtu mzima ni safari ya kuchosha. Kwa mwanamke mwenye uvimbe nyongani, aliyeketi katika daladala au aliyepakiwa kwenye bajaji inayoruka mashimo, ni mateso. Hospitali za rufaa za Amana, Temeke na Mwananyamala ziko karibu zaidi na wakazi wa wilaya zao, na kila chupa ya mofini inayopatikana huko humwondolea mtu safari hiyo.

Mgonjwa asipoweza kusafiri, mara nyingi ndugu ndiye anayefuata dawa. Ndugu huyo anahitaji kwenda na maelezo kamili: maumivu yako wapi, yanazidi saa ngapi, mgonjwa alikunywa kiasi gani jana, amepata choo lini. Daftari la shule linatosha kuandikia hayo.

Kuna umbali mwingine ambao hausemwi sana. Familia nyingi za Dar es Salaam, zikiambiwa kwamba hakuna tiba zaidi, humrudisha mgonjwa kwao Kigoma, Songea au Bukoba. Sababu zinaeleweka: mtu anataka kufia nyumbani, na kusafirisha maiti ni gharama kubwa kuliko nauli ya basi. Lakini wakati mwingine mgonjwa anaachana na mofini siku ileile anapopanda basi, na wiki zake za mwisho zinakuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Kabla ya safari hiyo, kitengo cha tiba shufaa kinapaswa kuulizwa hospitali gani ya mkoa ule inatoa mofini, na barua ya rufaa iandikwe.

Siku za mwisho nyumbani

Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Vidonda vya saratani vinavyonuka husafishwa kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, ambavyo wengi huviita Flagyl, hunyunyiziwa juu kwa maelekezo ya muuguzi. Harufu hupungua sana. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwa kuwa harufu ndiyo inayowafukuza wageni, na mgonjwa anajua.

Chakula huleta ugomvi mwingi. Mwili unaofunga kazi haudai tena chakula, na kumlazimisha mtu uji kunaweza kumpalia. Kulowesha midomo kwa kitambaa safi kunatosha. Saa za mwisho pumzi hukatika na kurudi, na mkoromo husikika kooni. Unawatisha wanaosikia kuliko unavyomsumbua mgonjwa, na kumlaza ubavu husaidia.

Swali la kumwambia mgonjwa ukweli hubaki gumu. Mara nyingi wakubwa wa familia huwaomba wahudumu wanyamaze, naye mgonjwa, ambaye ameshajua, hunyamaza ili asiwaumize wao. Wahudumu wenye uzoefu humuuliza kwanza yeye mwenyewe angependa kujua kiasi gani. Asipopewa nafasi hiyo, wosia hauandikwi, shehe au padre haitwi kwa wakati, na mwana aliyeko mbali hufika amechelewa.

Wanyama wa nyumbani

Huruma kwa kiumbe anayekufa huwahusu pia mbwa, paka na wanyama wa kazi, ingawa hapa njia zinatofautiana. Kwa binadamu, kukatisha maisha ya mgonjwa au kumsaidia ajiue ni kosa la jinai nchini Tanzania. Kwa mnyama anayeteseka bila tumaini la kupona, kuuawa bila maumivu kunakubalika, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa. Daktari wa mifugo humlaza usingizi kwanza, kisha humchoma sindano ya dawa kama pentobabitali. Mzoga huo lazima ufukiwe kwa kina, kwa maana dawa hubaki mwilini na huua mbwa au ndege watakaoula. Mahali penye msitu karibu, kama Pugu, si jambo la kupuuza.

Mnyama mzee asiyehitaji kuuawa hutunzwa kwa kivuli, maji yaliyo karibu na tandiko kavu. Asipewe dawa za watu: parasetamoli huua paka, na ibuprofeni huweza kuharibu tumbo na figo za mbwa. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate au asiyeweza kumeza, asiguswe wala kuuguzwa nyumbani, kwa sababu huenda ana kichaa cha mbwa; aitwe ofisa mifugo wa kata. Mtu aliyeumwa naye aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi chanjo hospitalini siku hiyohiyo, kwani dalili zikishaanza ugonjwa huu karibu siku zote huua.